Ukimuuliza Mtoto, Nyamaza: Maswali Yenu kwa Bibi Mwalimu

Haya jamani, mbukwenyi wote, wa Dodoma mjini, Bahi, Kongwa, Chemba, na nyie mliohamia na serikali ambao mpaka leo mnalalamikia upepo. Mwezi huu meseji zimejaa mpaka simu inagoma, nyingi zimetoka kwa walimu wa awali na madada wa dei kea, na karibu wote mmeandika sentensi ileile: "Bibi, watoto hawanisikilizi." Mi mkekani nimekaa miaka 27 kabla sijastaafu na hiyo sentensi nimeisema sana tu, ila siku hizi nikiisikia namuuliza aliyeisema, we mara ya mwisho umemsikiliza mtoto mpaka akamaliza mwenyewe ilikuwa lini? Wengi wanacheka, halafu wananyamaza. Basi tuanzie hapohapo kwenye kunyamaza.

Shikamoo Bibi Mwalimu. Nafundisha darasa la awali shule ya serikali pembezoni mwa jiji, nina watoto 94 na niko peke yangu. Tumeitwa semina tukaambiwa tumsikilize kila mtoto. Bibi, 94! Nikimaliza kuita majina tu kipindi kimeisha. Sauti imenikauka, nikifika nyumbani hata mwanangu wa kuzaa siwezi kumsemesha. Namsikilizaje kila mtoto? – Ticha wa 94

Marahaba mwanangu, na pole ya sauti. Kwanza ujue huna kosa, mwongozo wa serikali kwa darasa la awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25, kwa hiyo wewe umebeba madarasa karibu manne kichwani kama mama wa sokoni na masinia ya zabibu. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamefurika, ni jambo jema kabisa, ila walimu na vyumba havikukimbia spidi hiyohiyo. Hilo mi na wewe hatuliwezi leo. Tuongelee unachoweza.

Nikupe kisa. Binti yangu alininunulia simu ya kupangusa, akanifundisha kurekodi, basi siku moja nikaiwasha nikaitia mfukoni nikafundisha kama kawaida. Jioni nimekaa uani nachambua mlenda nikasema ngoja nijisikilize. Jamani aibu! Nasikia sauti yangu: "Huyu ni mnyama gani? Ni mbuuu... mbuuu... mbuzi! Haya wote, mbuzi!" Watoto: "Mbuziii!" "Mbuzi anakula nini? Anakula majaaa...?" "Niii!" Nikachukua kalamu nikahesabu, dakika 20 nimeuliza maswali 31, na 19 nimejijibu mwenyewe. Kuna pahala kinasikika kitoto kinaanza, "Mwalimu mbuzi wetu yeye..." halafu sauti yangu inakifunika, "Haya makofi kwetu!" Mpaka leo sijui yule mbuzi wao alifanyaje. Na mbaya zaidi sijui hata alikuwa mtoto gani.

Sio mimi na wewe tu, mwanangu. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 70 alisikiliza rekodi za walimu wa sayansi wa shule za msingi, akakuta mwalimu akishauliza anasubiri kama sekunde 1 hivi, wengine hata hiyo haifiki, keshamrukia mtoto mwingine au keshajijibu. Walimu haohao walipofundishwa kungoja sekunde 3 na kuendelea, majibu ya watoto yakarefuka, na wale ambao walikuwa wamekaa tu kama mizigo nao wakaanza kusema. Sekunde 3 tu! Hakuna bajeti hapo, hakuna kibali cha mkurugenzi.

Sasa sekunde 3 za kimya mbele ya watoto 94 ni ndefu kuliko ibada, utaona. Mi nilikuwa nahesabu kwa vituo vya basi. Nauliza swali, moyoni nasema Kibaigwa, Gairo, Dumila. Kama tumefika Dumila mtoto bado anafikiria, nanyoosha mpaka Morogoro. Na mdomo unaufunga kweli, sio kufunga huku unamnong'oneza herufi ya kwanza ya jibu, hapo umeshamsaidia kutofikiri.

Na lile la "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" naomba ulipunguze. Ile ndiyo ni kuitikia tu, kama amina msibani, hata aliyekuwa amesinzia anaitikia. Ukitaka kujua nani kaelewa, mpe mtoto vizibo vya soda umwambie "niwekee vitano hapa" halafu angalia mikono yake. Mikono ya mtoto inaongea, nayo inataka msikilizaji.

Tuje kwenye 94. Huwezi kuwasikiliza wote leo, ukijaribu utaugua. Chukua 5 kwa siku. Siku 5 za wiki ni 25, wiki 4 za masomo ni 100, umewamaliza na unabaki na nafasi za wale wenye mambo mengi. Andika majina yao nyuma ya daftari la mahudhurio asubuhi, na hao watano wa leo kila mmoja apate dakika zake mbili za kwako wewe, wakati wa uji ndio mzuri maana wamekaa na mdomo uko wazi. Keti chini. Usimsemeshe mtoto umesimama kama nguzo ya Tanesko, toka kule chini anaona matundu ya pua yako tu. Kama magoti ni ya zamani kama yangu, beba kigoda.

Halafu usimuulize maswali ya polisi, unaitwa nani, una miaka mingapi, hayo unayo kwenye rejista. Sema unachokiona: "Naona leo umevaa kandambili za kaka." Kisha Kibaigwa, Gairo, Dumila. Mmoja alinijibu, "Za kwangu zimekatika, baba akazitupia kwa mbwa, mbwa hakuzitaka." Sentensi tatu kutoka kwa mtoto ambaye niliandika kwenye ripoti "haongei". Kwenye zile semina za MMMAM, programu ya malezi na makuzi ya awali iliyozinduliwa hapahapa Dodoma Desemba 2021, wanaita malezi yenye mwitikio, jina kubwa lakini kitu chenyewe ndo hicho, mtoto katoa kitu na wewe umerudisha kitu kinachofanana na alichotoa.

Na wale 89 waliobaki? Waambie wageukiane wawili wawili wasimuliane walichokula jana usiku. Patakuwa na kelele, mwalimu mkuu atachungulia dirishani, kwa hiyo mwambie mapema asije akakutolea macho bure. Sauti yako uitunze, badala ya kupiga kelele ya "nyamazeni" nyoosha mkono juu ukae kimya, wa mbele watanyoosha, wa nyuma watafuata, siku ya kwanza itachukua dakika nzima na usikate tamaa. Ile ya "kidole mdomoni, mikono mabegani" asubuhi nzima hapana jamani, tunawafundisha kwamba shuleni mdomo ni wa kuzibwa halafu darasa la tatu tunalalamika hawajiamini. Na mvua ikipiga kwenye bati usishindane nayo, hutashinda. Walete karibu wasikilize mvua. Kwetu huku inanyesha miezi michache tu, ina haki yake.

Shikamoo Bibi. Najitolea kwenye shule shikizi, tawi la shule mama, huku Bahi. Kuna mtoto wa kiume wa miaka 5, tangu Januari hajatoa neno darasani. Kwao ni Kigogo kitupu. Mwenzangu anasema ni mzito wa akili, tumwambie mama yake amrudishe nyumbani mpaka mwakani. Ila uwanjani namuonaga anacheza vizuri tu na wenzie. Nifanyeje?

Usimrudishe. Huyo mwenzako achukuliwe kesho apelekwe kwa Wasandawe kule Chemba, kwenye ile lugha yenye sauti za kugonga ulimi kwenye kaakaa, awekwe mbele ya watu 40 aambiwe haya jitambulishe, tuone uzito wa akili unatoka wapi.

Mtoto anayeingia kwenye lugha mpya mara nyingi ana kipindi cha kimya, wiki kadhaa, wengine miezi, na kile kimya sio debe tupu, anasikiliza, anapanga. Ukimlazimisha "sema! sema tukusikie!" na wenzie wanacheka, unakirefusha. Asubuhi msalimie mlangoni kwa Kigogo, "Mbukwa!", uone uso wake utakavyofunguka. Akikujibu kwa Kigogo pokea kama jibu, kisha wewe mrudishie hilohilo kwa Kiswahili bila kumwambia amekosea. Mpe kazi ambazo jibu lake ni mkono, niletee jiwe kubwa, gusa pua, mpelekee mwenzio kikombe, hapo utajua Kiswahili kiasi gani kimeshamuingia. Mkalishe na mtoto anayejua lugha zote mbili. Darasa linaendeshwa kwa Kiswahili sawa, lakini Kiswahili hakiingii kwa kumnyang'anya mtoto mdomo aliokuja nao.

Ila kuna kitu usikiache, masikio. Umesema uwanjani anacheza vizuri, sasa angalia, ukimwita kwa nyuma bila yeye kukuona anageuka? Anakukazia macho mdomoni unapoongea? Anakutegea sikio moja siku zote? Sikio linatoa usaha au linanuka? Huku kwetu vumbi na mafua havipishani, na mafua ya mtoto yanakimbilia sikioni haraka, siku mbili anasikia, siku tatu kama yuko ndani ya pipa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya matatizo ya kusikia kwa watoto yanatokana na mambo yanayozuilika. Kuita kwa nyuma sio kipimo cha hospitali, ni cha kukushtua tu, ukiona dalili kaa na mama yake aanze zahanati wampe rufaa ya kitengo cha masikio, pua na koo. Na mwambie kwa upole asimdondoshee mafuta ya moto wala maji ya majani sikioni, najua bibi zake watashauri, na mimi ni bibi, nasema asiweke.

Habari za kazi mama. Nina dei kea Ilazo, watoto 22, wasaidizi 2. Wiki iliyopita mtoto kamng'ata mwenzie mkono. Baba wa aliyeng'atwa akaja jioni akanifokea getini mbele za watu, nami nikamjibu, zikawa kelele, usiku kaandika kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, watoto 2 wameondolewa. Mume wangu ananiambia sijui kuongea na watu. Lakini mama, watoto wa miaka 2 wanang'atana, huo ni ukweli! Nimekosea wapi?

Ni kweli wanang'atana, meno yanakuja kabla maneno hayajatosha, hilo halina ubishi. Lakini yule baba hakuja kukuuliza kama watoto wanang'atana.

Jiweke kwake. Katoka ofisini Mtumba saa tisa na nusu, kapambana na foleni na jua, amefika getini kamnyanyua mwanae, kaona alama za meno, na hakuna aliyemwambia kitu. Kosa lako la kwanza lilitokea saa nne asubuhi pale ulipokuwa na simu mkononi ukasema nitamueleza akija. Habari ya jeraha inatakiwa imfikie mzazi kabla jeraha halijamfikia. Dakika moja tu: "Baba fulani, mtoto hajambo, ila kang'atwa mkononi na mwenzie saa nne hii, tumemuosha kwa maji na sabuni, tumemuwekea kitambaa cha baridi, sasa hivi anakula. Nimeona nikujulishe." Akija jioni hasira itakuwa imeshapoa njiani, imebaki ile ya kuulizia tu.

La pili, ulimjibu kabla hajamaliza. Mtu mwenye hasira ana maneno yake ameyapanga tangu njiani, ukimkata katikati anaanza upya toka mwanzo, na kwa sauti zaidi. Mwache ayamalize. Usikunje mikono, usiangalie simu, msogeze pembeni kwenye benchi maana aliyekaa anafoka kwa shida. Na kama ni mtu mzima kukuzidi, shikamoo kwanza, hata kama anatoa moshi puani. Mbogo gani anaweza kupokea shikamoo bila kusimama kidogo?

Halafu kuna neno Kiswahili kimetupa bure na hatulitumii, pole. Pole sio kukiri kosa. Samahani ndo ya mwenye kosa, pole ni ya kila mtu, unampa hata mtu aliyejikwaa ugenini. Nyie wenye biashara mnaogopa kusema pole mkidhani mtashtakiwa. "Pole sana baba, nimeelewa, umekuta alama mkononi na hukuambiwa, umeumia." Hapo umemrudishia alichosema, akisikia maneno yake yametoka mdomoni kwako ndo anaamini yamefika. Ndipo sasa samahani ya sehemu yako, na yako ipo, "samahani sikukupigia."

Jina la aliyeng'ata usitaje hata akikubana vipi. Na kwenye grupu usijibu hoja kwa hoja, sentensi moja tu, "nimekaa na mzazi tumezungumza, mwenye swali karibu kituoni", funga simu ulale. Voisi za saa tano usiku huku sauti inatetemeka zimeua dei kea nyingi kuliko malaria. Huyo baba mpigie wiki hii hata kama mtoto kashahamishwa, mpe samahani ya ile simu. Sio ili arudi. Na mume wako mwambie Bibi kasema kuongea unajua sana tu, tatizo lilikuwa lile lingine.

Mwalimu, mi ni baba wa kawaida tu, Nkuhungu, naendesha bajaji. Mwanangu akirudi shule nikimuuliza leo umejifunza nini anasema "hamna". Kila siku hamna. Hawafundishwi?

Wanafundishwa. Swali lako ni kubwa mno baba, hata wewe ukiulizwa leo barabarani umejifunza nini utasema hamna. Muulize nani alikaa karibu yake kwenye uji, nani alilia leo, kitu gani kilimchekesha. Kisha usitazame simu. Na mpakie kwenye bajaji mzunguko mmoja, wengi wanaongea zaidi wakiwa hawatazamwi usoni.

Bibi shikamoo, niko Mpwapwa. Nina mtoto wa miaka 4 ameanza kigugumizi ghafla, mwanzo alikuwa anaongea vizuri. Namsaidia kumalizia maneno, namwambia apumue aseme polepole, naona kinazidi. Bibi yake anasema amechapwa na upepo mbaya.

Marahaba. Kigugumizi kwa kawaida kinaanza umri huohuo, kati ya miaka 2 na 5, na wengi kinawaachia baadaye. Sio upepo, wala kutekenywa sana, wala kwamba aliangaliwa kwenye kioo akiwa mdogo, hayo yote nimeyasikia. Unachomfanyia unakifanya kwa mapenzi lakini acha. Ukimmalizia neno unamwambia umechelewa. Ukimwambia pumua unamwambia nimeona, na wenzio wameona. Mtazame tu usoni kwa utulivu usubiri, vituo vyote mpaka Morogoro ikibidi, ukijibu wewe ndo uongee polepole. Wenzie wakimcheka shughulika na hao, mapema. Kikivuka miezi 6 au 12, au ukiona anakunja uso na kupigapiga mguu ili neno litoke, au ameanza kukwepa kuongea, mtoto apelekwe kwa daktari.

Bibi naomba usitaje wilaya yangu. Mtoto wa miaka 6 kaniambia kitu anachofanyiwa na mtu mzima wa nyumbani kwao, akaniomba nisimwambie mtu. Nikaahidi. Usingizi sipati.

Hiyo ahadi ivunje leo, mwanangu. Najua uliitoa kwa huruma, ila siri ya namna hiyo haikai kwa mwalimu, na kuanzia sasa mtoto yeyote akikuambia "usimwambie mtu" jibu lako liwe, "nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia."

Andika alichosema kwa maneno yake yeye, hata kama ni ya kitoto, hata kama ni kwa kilugha, weka tarehe na saa. Usiyasafishe. Usimuulize zaidi, usimwambie "ni fulani eeh? alikushika hapa?", maana maswali ya namna hiyo yanamtia maneno mdomoni na baadaye yanaharibu kesi. Kuhoji kuna watu wake. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, na sio kosa lako. Kisha piga 116, ni simu ya bure ya msaada kwa watoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Mwalimu mkuu ajue pia, isipokuwa kama naye ana undugu na huyo mtu. Kama ni kuingiliwa na ni juzi tu, hospitali kabla ya saa 72 kuisha, kuna dawa za kuzuia VVU ambazo baada ya hapo haziwezi kazi. Familia wakikuita mkae "mlimalize kindani", usikae. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, na yeye keshasema, kakuchagua wewe. Piga leo, sio Jumatatu.

Bibi Mwalimu, unatushauri kama malaika. Wewe hujawahi kukosea? – Msomaji mkorofi, Kondoa

Mkorofi kweli. Nimekosea mengi, ila moja ndo huwa linanirudia.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, niko mlangoni napokea watoto, mkono mmoja chaki, mwingine nimeshika ada ya mtihani wa mtu, mwalimu mwenzangu ananiita ofisini. Kaja mtoto wa kike, miaka 5 hivi, kanivuta gauni. "Mwalimu, bibi amelala kwenye sanduku." Sikumtazama hata. Nikamjibu kile unachomjibu mtoto ili upite, "Haya, bibi akilala usimsumbue, kaa mkekani."

Akakaa. Wiki nzima huyo mtoto ananong'ona. Ukimuita jina anaitika kwa ndani, nyimbo anafungua mdomo sauti haitoki, mapumziko anatembea kwa ncha za vidole. Mi nikafurahi! Nikamwambia mwenzangu huyu sasa ametulia, ana nidhamu.

Ijumaa mama yake kaja. Kafunga khanga ya msiba kiunoni. Akaniuliza, mwalimu, mwanangu mmemfanya nini, nyumbani haongei kwa sauti, mdogo wake akilia anamziba mdomo, anasema mwalimu amekataza kumwamsha bibi. Walikuwa wamemzika mama mkwe Jumamosi ile, na mtoto alinyanyuliwa akaaga mwili.

Nilimchukua tukakaa chini ya mkwaju nje ya darasa, mimi na yeye tu. Nikamwambia mwalimu alikosea, hakusikia vizuri ulichosema. Bibi hakulala, bibi amefariki, haamki tena, hata ukiongea kwa nguvu humsumbui. Akafikiria. Safari hii nilisubiri, na sikuhesabu kitu.

"Hata nikipiga kelele?"

"Hata ukipiga kelele."

"Hata nikiimba?"

Nikasema hata ukiimba. Akaimba palepale, kwa sauti mpaka darasa la nne wakachungulia dirishani, ule wimbo wetu wa kunawa mikono kabla ya uji, beti zote, na kupiga sabuni kwa vitendo.